Kitenge Kilichotembea Bila Mtu

Siku ya kuniaga, vijana wa ofisini waliniambia niwaandikie kitu kuhusu kazi, maana hotuba yangu ilikuwa fupi na watu walikuwa wanaangalia keki. Naandika nikiwa nyumbani Ikinga. Ukungu haujaondoka tangu asubuhi na vidole vinauma. Majirani wa huku wakiniuliza nilikuwa nafanya kazi gani Tunduma, nawajibu kwamba nilikuwa nashona. Si uongo mkubwa. Nilishona nguo ambazo hakuna mtu aliyewahi kuzivaa, ndani ya kompyuta, mpaka umri wa kustaafu ukanikuta kwenye kiti kilekile.

Siku ile mlinisifu kwa subira na bidii. Hakuna aliyetaja woga, na mimi katika kazi hii nilichokijua kuliko vyote ni woga. Basi nitaanzia hapo.

Niliingia kwenye ofisi ile nikiwa fundi cherehani niliyejifunza kuchapa kompyuta Mbeya. Ilikuwa studio ya picha, chumba kimoja karibu na barabara ya mpakani, na malori ya kwenda Zambia yalipokuwa yanasubiri zamu, ukuta ulitetemeka mpaka picha za maharusi zikakaa upande. Mwenye kunipokea alikuwa Ezekia Silungwe, Mnamwanga wa Ivuna, mwembamba, aliyejifunza kutengeneza katuni akiwa Lusaka. Alikuwa anatafuta mtu anayejua nguo. Watu wa kompyuta aliokuwa nao, alisema, wanachora gauni kama bati.

Asubuhi ile ya kwanza alinikalisha mbele ya skrini na kunionyesha mpira wa kijivu na kitambaa cheupe kinachoning'inia juu yake hewani.

"Bonyeza hapo, Sekela. Kitaanguka juu ya mpira."

Nikabonyeza. Kitambaa kikaanguka vizuri, kikagusa mpira, kikatetemeka kama mtu mwenye degedege, halafu kikapasuka na kuwa miiba mirefu iliyojaa skrini nzima. Nilirudi nyuma mpaka kiti kikaanguka. Nilidhani nimeharibu mashine ya watu.

"Usiogope," Silungwe akasema, bila kunyanyua macho kutoka kwenye chai yake. "Imelipuka tu."

Ndivyo tulivyoita, kulipuka, na mnaotumia programu za siku hizi hamlijui neno hilo kama tulivyolijua sisi. Silungwe alinieleza kwa chandarua. Alikuwa nacho kimoja kuukuu ofisini, akakitundika kwenye mlango, akashika fundo moja la nyuzi na kulivuta. Jirani zake wote wakasogea kidogo, na jirani wa jirani wakasogea kidogo mno, karibu wasisogee. Kitambaa ndani ya kompyuta, akasema, ni mafundo kama haya, vitone tupu, na kila kitone kimefungwa kwa wenzake na springi. Springi zinakataa kuvutwa, zinakataa kusukumwa upande, na nyingine, zilizo dhaifu zaidi, zinakataa kukunjwa. Ukijua kila springi ina ubishi kiasi gani, umejua kama hiki ni hariri au ni gunia. Mashine haioni mwendo kama sisi. Inapiga hesabu ya kitambo kidogo sana, inasogeza vitone, inapiga tena. Ukiipa kitambo kirefu kwa sababu una haraka, springi inavuta kupita kiasi, kitone kinaruka, kinamvuta jirani, jirani anamvuta mwingine, na ghafla una miiba.

"Kwa hiyo uvivu ndio unaolipua," nikasema.

"Uvivu na mteja anayesubiri nje."

Woga wa pili ulikuwa umeme. Mwendo mfupi tu wa sketi ulihitaji mashine ipige hesabu mchana kutwa, na Tunduma ya wakati ule umeme ulikatika hata mbuzi akikohoa. Tulikuwa na betri ya akiba iliyolia kama kifaranga umeme ukikatika, na ilidumu muda wa kutosha kukufanya uamini utawahi kuhifadhi kazi. Radi zilipoanza kupiga upande wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, sisi wawili tuliacha kuzungumza. Hata leo nikisikia kifaranga kinalia nje, mkono unatafuta kipanya cha kompyuta.

Vifaa vyetu vilikuwa vya kuchekesha. Kujua ukakamavu wa kitambaa tulikata kipande, tukakilaza kwenye ukingo wa meza na kukisukuma nje pole pole, tukapima kinaanza kuinama wapi. Kitenge kipya chenye nta kilitoka nje kama ubao kabla ya kukubali. Kilekile kikifuliwa mara kadhaa kiliinama mara moja kama mtu aliyezoea msiba. Shuka za wafugaji wa Momba zilikuwa nzito na hazikuwa na haraka ya kwenda popote. Nilipima vitambaa hivyo kwa miaka, na nikishika nguo sokoni wauzaji walidhani natafuta kasoro ili nipunguziwe bei. Wakati mwingine ilikuwa kweli.

Kazi ngumu ya kwanza ilikuwa joho la kwaya. Mwalimu wa kwaya alitaka waimbaji wa kuchorwa kwenye video yake wapige magoti. Kila walipopiga magoti, goti lilitoboa joho na kutokea upande wa pili, la kijivu na limekaa vibaya kuliko ninavyoweza kueleza kwenye maandishi ya heshima. Hapo ndipo nilipoielewa sanamu. Ndani ya kila nguo tulikuwa tunaweka mwili wa kijivu, usio na uso wala vidole vya kutosha, ili nguo ijue iguse wapi na iteleze wapi. Huo ndio tuliouita sanamu. Mtazamaji haioni sanamu, inafunikwa na mtu aliyechorwa vizuri. Lakini nguo inaijua. Ukiificha sanamu, nguo inabaki imesimama na umbo la mwili ambao haupo. Mara ya kwanza kuliona hilo joho limepiga magoti peke yake, nilizima skrini nikatoka nje kutazama malori. Nilimwambia Silungwe ni joto.

Sasa niseme lile lililonifanya nikubali kuandika.

Kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Zambia, mfanyabiashara wa vitenge kwa jumla. Alikuja akataka tangazo: mwanamke anatembea, kitenge kinacheza, watu wanatamani. Wakati huo ofisi ilikuwa na mashine nzuri, na mienendo ya kutembea tulikuwa tunanunua iliyorekodiwa kwa watu wa nje ya nchi. Tukaweka kitenge juu ya mwendo huo. Hapana. Yule aliyerekodiwa huko alitembea kama anayekagua gwaride, na kitenge kikawa kinapiga kulia na kushoto sawasawa kama kengele. Hakuna mwanamke anayetembea hivyo kwenye barabara yenye mashimo.

"Tunataka mtu wa hapa," Silungwe akasema. Wote wawili tukatazama dirishani.

Kwenye baraza ya jengo la pili alikaa Bibi Namwinga, mjane, akiuza chai na viazi vya kuchemsha. Lori lilimgonga nyonga miaka ya nyuma wakati likirudi kinyumenyume, na tangu hapo alitembea kwa kuchechemea, mguu wa kulia ukichelewa na kuzunguka kidogo kabla haujatua. Alikuwa na kitenge cha njano chenye picha za feni, kimefuliwa mpaka kikawa laini, na alikifunga fundo upande wa kushoto ili kisimsumbue mguu mbovu. Nguo haikuwa inacheza kwa kupenda. Ilipanda upande mmoja, ikasita, ikashuka kwa mikunjo ambayo mimi na ushonaji wangu wote nisingeibuni.

Nilimfuata nikamweleza.

"Mnataka kunipiga video nikitembea?" akauliza. "Na mguu wangu huu?"

"Na mguu huohuo, Bibi."

"Mwanangu, Tunduma imejaa mabinti wenye miguu mizuri."

"Hao wanatembea wote sawa."

Alicheka mpaka akaweka chini birika. Tukampiga video kwa kamera tatu, tumembandika vipande vya karatasi nyeupe kwenye magoti, nyonga na mabega ili kompyuta ifuate mwendo wake, na wapita njia wakasimama kutazama. Alikwenda na kurudi mbele ya ofisi na kila akitufikia alituuliza kama ametembea vizuri.

Nilifanya kazi ile kwa moyo wangu wote. Nilipomaliza, kitenge kile kilikuwa hai. Yule mama wa jumla alipenda, ila akapiga simu kulalamika kwamba mwanamke wa kijivu aliye ndani anamchanganya, yeye anataka kuona kitambaa na mikunjo yake tu, kwanza, kabla hatujamchora mtu. Lilikuwa ombi la kawaida. Tukaificha sanamu, tukaweka nyuma yake picha ya barabara ya mbele ya ofisi, tukamtumia. Akajibu amefurahi. Katika duka lake kulikuwa na mtu, hatukujua nani, aliyekiona kipande kile cha video kwenye simu ya bosi wake akakiweka kwenye stetasi yake.

Nilikiona tena sokoni. Nilikuwa nachagua nyanya, na yule mama muuza nyanya, ambaye tulikuwa tunataniana kila siku, akaniletea simu usoni.

"Dada Sekela, umeiona hii?"

Barabara yetu, mchana kweupe. Kitenge cha njano kinatoka kona ya jengo, kimefungwa fundo kushoto, kimejaa kiuno na mapaja, na juu yake hakuna kitu. Chini yake hakuna kitu. Kinapanda upande mmoja, kinasita, kinashuka. Mtu alikuwa ameongeza sauti juu yake, ya mwanaume anayehema, akisema amerekodi mwenyewe hapa Tunduma, watu wafunge milango, watoto wasitumwe dukani.

Nikaziweka nyanya chini.

"Hii ni kazi yetu," nikasema. "Imetengenezwa ofisini. Ni kompyuta."

Mama yule alinitazama, halafu akaivuta simu yake kifuani.

"Kompyuta inachechemea?"

Wanawake wawili waliokuwa nyuma yangu walikuwa wameshaanza kunong'ona, na nikasikia jina la Namwinga. Mwili hawakuuona, uso hawakuuona, lakini mwendo waliujua. Nilikuwa nimeufanya vizuri mno.

Ninyi ambao hamkuwepo, jueni hali ilikuwaje. Mtaani kwetu kulikuwa na mtoto amefariki wiki hiyohiyo, Yohana, hajaanza hata shule, kwa homa ya siku chache. Baba yake alikuwa mpakia mizigo, mtu mkimya, tulikuwa tunamwona akipita na mwanawe mabegani. Msiba ulikuwa haujaondolewa turubai. Watu walikuwa wanatafuta sababu, na sababu ikawafikia kwenye simu, ina picha za feni.

Nilirudi ofisini karibu nakimbia. Bibi Namwinga alikuwa pale barazani, sufuria imejaa viazi, vikombe vyote vikavu. Alikuwa na simu ndogo ya vitufe, isiyopokea video. Hakujua lolote.

"Leo watu wamefunga?" aliniuliza. "Hata madereva hawasimami."

Nilimshika mkono nikamwingiza ndani. Silungwe alikuwa ameshaona, alikuwa amesimama katikati ya chumba na simu mkononi. Alimwamkia Bibi, akampa kiti, akamweleza yote taratibu kwa Kinamwanga. Bibi akasikiliza. Kisha akasema kwa Kiswahili, labda ili nami nisikie:

"Nionyesheni."

Tukamwonyesha kwenye skrini kubwa. Alitazama kitenge chake kikitoka kwenye kona. Akainama mbele.

"Mimi niko wapi?"

"Hatujakuweka, Bibi," nikasema. "Hii ni nguo tu."

"Lakini huo ni mguu wangu."

"Ni mwendo wako. Wewe mwenyewe hatujakuweka."

Akajitazama mapajani, akapapasa kile kitenge alichokuwa amevaa, kilekile. "Kwa hiyo wameniona sipo," akasema.

Jiwe la kwanza lilianguka kwenye bati.

Sitajidai shujaa. Nilijificha nyuma ya meza. Nikichungulia dirishani niliona watu wamejaa barabarani mpaka malori yalikuwa yamesimama, na madereva wamepanda juu ya matairi kutazama. Nyuso nyingi nilizijua. Mbele kabisa alikuwa Baba Yohana. Hakuwa na jiwe wala fimbo. Mikono yake ilikuwa mitupu na ilikuwa inaning'inia, na nakwambieni hiyo ndiyo iliyonitisha kuliko mawe.

"Mtoeni!" mtu akapiga kelele. "Mtoeni Namwinga!"

Silungwe alimpigia mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akasema polisi wako njiani na yeye anakuja. Njiani ni neno refu ukiwa ndani. Jiwe jingine likavunja kioo. Bibi Namwinga alikuwa amekaa palepale kwenye kiti, amefunga macho, anaomba kwa sauti ya chini.

"Sekela," Silungwe akasema, "tugeuze skrini. Waone inavyotengenezwa."

"Hawataamini."

"Unalo jambo jingine?"

Sikuwa nalo. Tukaiburuta ile skrini kubwa ya wateja mpaka kwenye dirisha lililovunjika, ikatazama nje. Silungwe akafungua mlango kidogo, akasimama kizingitini na mikono juu, akawaambia watu waangalie. Mimi nilikuwa kwenye kompyuta, najiambia umeme usikatike, umeme usikatike, maana kama ungekatika muda ule wangesema ni yeye ameukata.

Nilionyesha kitenge. Kelele zikapanda. Nikabonyeza kuirudisha sanamu ili waone kwamba ndani kuna mwili wa kuchora tu. Lile lilikuwa kosa. Kitu cha kijivu, kisicho na uso, kikatokea ndani ya kitenge kinachechemea kuelekea kwao.

"Huyo!" mwanamke mmoja akalia. "Huyo ndiye! Wamemfuga humo!"

Watu walirudi nyuma kama wimbi moja, wengine wakaanguka, halafu wakaja mbele kwa kasi kuliko mwanzo. Silungwe akasukumwa ndani, akaegemea mlango kwa mgongo. Nikataka kusimamisha mwendo, nianze upya, niwaonyeshe vitone na springi. Vidole vilikuwa havinisikii. Nikaandika namba kwenye sehemu isiyo yake, nikaipa mashine kitambo kirefu mno, nikabonyeza.

Kitenge kikatetemeka. Kikalipuka.

Feni za njano zikatawanyika skrini nzima, miiba juu, miiba chini, na katikati ile sanamu ikaendelea kuchechemea uchi, haina habari, kama mtu aliyesahau nguo bafuni. Halafu dereva mmoja aliyekuwa juu ya lori, sijui wa wapi, akacheka. Kicheko kikubwa cha tumbo.

"Ah! Ni katuni hiyo bwana! Imeharibika!"

Wengine wakacheka, si wengi. Nikairudisha nikalipua tena, sasa kwa kukusudia, halafu tena. Nililipua kazi yangu bora mbele ya watu mpaka nyuma ya kundi wakaanza kuondoka, wengine wakiniambia nirudie ili warekodi. Gari la polisi lilipofika, pamoja na mwenyekiti akiwa amevaa viatu visivyofanana, barabara ilikuwa imebaki na watu wachache. Walimtoa Bibi wakiwa wamemzunguka, wamemfunika koti. Alipokuwa anapanda gari nilimwona Baba Yohana. Alikuwa hajasogea. Yeye peke yake hakuwa amecheka.

Nyumba ya Bibi Namwinga haikuchomwa. Ila mlango ulikutwa umeng'olewa na vyombo vimevunjwa, na asubuhi yake akaniomba nimsindikize stendi. Alikwenda kwa mdogo wake, kijijini Msangano. Hakurudi Tunduma tena.

Yule mama wa vitenge alitupigia simu akilia, akamfukuza mtu mmoja dukani, ambaye huenda ndiye aliyeivujisha, huenda siye. Tangazo halikutoka. Sisi ofisini tukaweka sheria ambayo ninyi mnaijua bila kujua ilikotoka, kwamba nguo haitoki nje ya jengo bila mtu ndani yake, hata kama mteja ana haraka, hata kama analipa. Kijana mmoja aliwahi kuniambia ni sheria ya kizamani. Nikamwambia ndiyo, niliizaa mimi.

Woga haukuisha na sheria. Video ile haikufa. Ilitulia miezi, ikaibuka tena imeandikwa jina la mji mwingine, ikazunguka, ikarudi. Kila simu ikiletwa karibu nami, na mtu akisema "hebu ona hii", nilikuwa nageuza uso kando. Nilikuwa nakwenda Msangano kila nilipopata nafasi, na sukari na sabuni. Bibi alikuwa analima karanga kidogo na mdogo wake. Alikuwa ameacha kuvaa kitenge, anavaa sketi ndefu za mitumba. Nikifika, kabla ya salamu hazijaisha, aliniuliza kwa sauti ndogo:

"Huku hawajaiona bado?"

"Bado, Bibi."

Sikuwa najua kama ni kweli. Alikuwa amejifunza kukaa watu wakipita. Kama alikuwa amesimama na mgeni akatokea njiani, alibaki amesimama, hachukui hata hatua, mpaka mgeni apite.

Muda mrefu baadaye, Silungwe akiwa ameshastaafu na kurudi Ivuna, na mimi nikiwa ndiye mkubwa wa chumba, Baba Yohana akaja ofisini. Ilikuwa mchana, vijana wamekwenda kula. Nilipomwona mlangoni nilishika meza. Alivua kofia.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, Baba Yohana. Karibu."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alikuwa na mfuko wa plastiki, akatoa humo shati dogo la mistari ya bluu, limepigwa pasi, akaliweka juu ya meza baina yetu.

"Nimefikiri sana," akasema. "Siku ile nilikuwa sijui. Sasa najua ninyi mnaweza kumtembeza mtu asiyekuwepo. Nataka mnitembezee Yohana. Nguo ninayo hii. Uso si lazima."

Nililishika shati lile. Vidole vyangu vilifanya vilivyozoea, vikalipima vyenyewe: pamba nyepesi, imefuliwa sana, ingeinama mara moja.

"Mwendo wake hatuna," nikasema. Nilidhani nimepata pa kutokea.

"Ninao mimi."

Akasimama. Mpakia mizigo, mabega kama mlango, akarudi mpaka ukutani, akaelekea kwangu. Alitembea kwa hatua fupi za haraka, tumbo mbele, mikono imeinuliwa kidogo pembeni kama mtu anayetaka kubebwa. Alikuja hivyo mpaka karibu na meza. Hapo akasimama, mikono bado imeinuliwa, asijue aiweke wapi.

Hakuna kamera iliyokuwa inafanya kazi. Nilitazama tu. Nimeogopa mambo mengi kwenye kazi hii na hilo ndilo nililoliogopa kuliko yote, kwa sababu niliona kwamba naweza. Nilikuwa na shati na nilikuwa na mwendo. Ningemtengenezea wiki ile ile.

"Baba Yohana," nikasema, "kuweza tunaweza. Sitakudanganya. Ukishaipata utaifanyia nini?"

"Nitaitazama."

"Halafu?"

Akashusha mikono.

"Mimi naogopa," nikamwambia. "Niliitazama ile ya kitenge mara nyingi kuliko mtu yeyote. Haina harufu ya mtu, haikuiti, haikujui. Inarudi tu kwenye kona na kuanza upya."

Lori lililokuwa linanguruma nje likaondoka. Halafu akaanza kulikunja shati, mwenyewe, mikono miwili, kwa mikunjo ileile ya pasi.

"Hata mimi naogopa," akasema. Akalirudisha kwenye mfuko. Alipofika mlangoni akageuka. "Yule bibi. Yuko wapi? Nataka nikamwombe radhi."

Nilimtazama mikono. Ilikuwa inaning'inia, mitupu, kama siku ile. Niliamini anachosema. Lakini aliyepaswa kuamini si mimi, ni Bibi.

"Nitamuuliza," nikasema.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Msangano. Bibi Namwinga alikuwa uani anabangua karanga, mguu mbovu ameunyoosha juu ya gunia. Nikamweleza kila kitu, shati, hatua fupi, mikono iliyoinuliwa. Alisikiliza bila kuacha kubangua.

"Nilikuwa nampa kiazi yule mtoto," akasema. "Kila asubuhi. Baba yake hajui."

Akafagia maganda kwa kiganja, akayakusanya pamoja.

"Mwambie nimemsamehe. Mwambie nipo." Akanitazama. "Mahali, usimwambie."